Kompyuta imesema, bosi

Jamani, nani aliwaambia mafundi wetu kwamba kupima gari ni kusoma namba kwenye simu?

IST yangu ya 2003 ilianza kutetemeka asubuhi, taa ya cheki injini ikawaka. Fundi akachomeka kile kidude chake chini ya dashibodi, simu ikaleta P0301, naye akatamka kama hakimu: "Kompyuta imesema koili, bosi." Nikanunua koili, ile inayoipa plagi umeme wa cheche. Siku mbili tu, misi, yaani kule kutetemeka, imerudi. "Basi ni sensa." Sensa ipi? "Ya oksijeni." Shilingi 80,000, ya mtumba, na risiti hakuna.

P0301 inasema silinda namba 1 haichomi vizuri, basi. Kwa nini haichomi, hilo halisemi. Jumapili nikachomoa koili mwenyewe, nikakuta plagi imekaa kwenye oili kama andazi kwenye karai. Gasketi ya kifuniko cha valvu imekauka, ngumu kama plastiki, oili inajishukia hadi kwenye tundu la plagi. Mpira wa ile koili mpya ushaanza kuvimba! Hapo huhitaji kompyuta, unahitaji tochi.

Na ile harufu ya kuungua niliyomlalamikia tangu siku ya kwanza? Oili hiyohiyo, inadondokea eksozi. Alinijibu gari za zamani zote zinanuka hivyo.

Sensa yangu ya awali, nzima kabisa, iko kwenye buti. Hii ya mtumba anasema hairudishwi, imeshafungwa.