Swali Lisilokuwemo kwenye Desa

Wiki mbili kabla ya mitihani ya mwisho wa muhula, pita jioni kwenye chuo chochote cha Dodoma uangalie vimbweta. Meza za zege zimejaa, taa za simu zinamulika karatasi, na kila kundi lina mmoja anayesoma desa, yaani karatasi ya majibu ya kukariri, kwa sauti. Mwenzake amefumba macho anarudia: "Sababu sita za kushuka kwa uzalishaji. Ya kwanza…" Akifika ya tano anakwama, wanaanza upya. Siwacheki, maana zege lile na mimi nimelikalia. Siku hizi naongoza semina katika chuo kimoja cha hapa mjini, na zile sababu sita ndizo ninazozisahihisha.

Lawama yenyewe si ngeni: wahitimu wetu wamesoma lakini hawafikiri. Waajiri wanasema hivyo, wazazi wanasema hivyo, na sisi walimu tunaitikia kana kwamba vijana hao walifundishwa na watu wengine. Dawa inayotajwa sana ni kuongeza somo la lazima la fikra tunduizi na ubunifu, mwaka wa kwanza, kozi zote. Wanaolitaka wana hoja. Mtu anayeingia chuo amekaa darasani miaka isiyopungua 13, na karibu yote ameishi kwa kukisia mtunga mtihani anataka nini. Hajawahi kuulizwa kama anakubaliana na alichokisoma. Usipompa mahali pa kujaribu kubisha, atajifunzia wapi? Nyerere mwenyewe, kwenye Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, aliweka akili ya kudadisi kuwa miongoni mwa mambo ambayo shule zetu zilipaswa kuyakuza. Kwa hiyo asije mtu akatuambia udadisi ni kitu cha wageni.

Upande wa pili wamekaa wahadhiri wa zamani, na jibu lao ni fupi: huwezi kuchambua usichokijua. Wanaona vijana wakihimizwa "kutoa maoni" juu ya uchumi ilhali hawajui mfumuko wa bei unapimwaje. Nadhani hoja hii inadharauliwa bure. Huku Ugogo tuna mfano ulio hai. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki 2003, aliipeleka ilimba, ala ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, pamoja na zeze kwenye majukwaa ya dunia, na akaunda ilimba kubwa kupita zile alizozikuta. Ukimsikiliza utadhani anabuni kila kitu palepale. Lakini kabla ya kubuni, vidole vyake vilishazijua nyimbo za wazee wake, zote ziko kichwani, bila karatasi. Hakuna aliyemwita mkariri.

Kwa hiyo sina ugomvi na kukariri. Ninachotaka kujua ni kilichokaririwa kinakwenda kufanya kazi gani.

Mfano ninaopenda kuwapa wanafunzi uko kama kilomita 90 mashariki ya mji huu, Kongwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 wataalamu wakatumwa, wakazunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa ya ardhi wakiikagua kutoka angani, wakarudi na hesabu nzuri kabisa: zaidi ya ekari milioni 3 za karanga, Tanganyika na nchi za jirani. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947. Matrekta yakavunjikia kwenye visiki na mizizi. Udongo wenye mfinyanzi, ambao mvua ikinyesha unalainika vizuri tu, ulipokauka ukawa tofali, karanga zikagoma kung'oka. Kisha mvua nazo zikakata. Hakukuwa na shamba dogo la majaribio lililotangulia, walianza na ukubwa wote kwa mkupuo. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zikawa zimekwenda na maji, kama kungekuwa na maji.

Wapenda fikra tunduizi husema: mnaona, wasomi waliojaa maarifa wameshindwa kuuliza swali moja la msingi. Wapenda maarifa nao hujibu: hapana, walishindwa kwa sababu hawakuwa na takwimu za mvua na hawakuujua udongo, yaani walikosa maarifa yenyewe. Na wako sahihi. Ila maarifa hayo yalikuwepo, tena hatua chache tu kutoka kwenye kambi yao. Mgogo yeyote mtu mzima wa wakati ule aliikumbuka Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920, na alijua kwamba kwenye nchi hii inayopata milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, mvua moja ikikosea tarehe mwaka mzima umeharibika. Tatizo ni kwamba kumbukumbu ya mchunga ng'ombe haikuhesabiwa kuwa maarifa. Kuamua nani anajua, na jambo gani linafaa kuulizwa, hilo ndilo fumbo lililowashinda, na sidhani somo la saa mbili kwa wiki linalifumbua.

Nasema hivyo kwa sababu ya zabibu.

Muhula mmoja tulikuwa kwenye mada ya bei na soko. Mwanafunzi mmoja wa kike, mkimya, anatokea Mpunguzi ambako zabibu ndiyo ada, ndiyo bati, ndiyo kila kitu, alisimama akasoma maana ya ugavi kutoka kwenye daftari, neno kwa neno. Nikamwambia afunge daftari anieleze mkulima wa kwao anaamuaje auze lini. Akanyamaza kidogo. Kisha kwa Kiswahili, maana hadi hapo tulikuwa kwenye Kiingereza cha kujikongoja: "Mwalimu, kwetu hakuna kuamua. Zabibu ikishaiva haikusubiri. Mnunuzi anajua hilo, kwa hiyo anachelewa makusudi." Akaendelea kueleza kwa nini baadhi ya wakulima wameanza kukamua na kuuza mchuzi wa zabibu badala ya tunda, na kwa nini mwenye mapipa ya kuhifadhia anaongea na mnunuzi kwa sauti tofauti kabisa. Darasa zima likaamka. Mmoja akambishia, mwingine akaleta habari za nyanya za kwao Kilolo. Dakika ishirini sikusema neno.

Kwenye mtihani binti yule aliandika maana ya ugavi, neno kwa neno. Hakuandika hata mstari mmoja wa zabibu. Nilipomuuliza baadaye alinishangaa: "Si ingekuwa nje ya majibu?" Na kweli, mwongozo wa kusahihishia uliorodhesha hoja tano, na zabibu haikuwamo. Alikuwa amefikiri vizuri mara mbili: mara ya kwanza darasani, ya pili alipoamua kuyaficha aliyoyafikiri.

Basi muhula uliofuata nikajitia ujasiri. Nikatunga jaribio la swali moja lililo wazi: mkulima wa zabibu afanye nini, na kwa nini. Yaliyonipata sikuwahi kuwasimulia wenzangu. Karatasi 130, na karibu robo tatu zilikuwa hotuba. "Serikali iangalie kwa jicho la pekee." "Vijana tuamke." Hakuna namba, hakuna sababu inayofuatana na nyingine. Nikampa mwenzangu karatasi kumi azisahihishe pia, alama zetu zikapishana vibaya mno, moja mimi nimeipa 14 kati ya 20, yeye 6. Wanafunzi wakalalamika kuwa swali halikuwemo kwenye desa, na nusu yangu iliwakubalia: sikuwahi kuwafundisha kujibu kitu cha namna ile. Wahadhiri wa zamani wangekuwepo wangenichekea kwa haki.

Hapo kuna jambo wanamageuzi hulipita haraka. Swali la wazi ni ghali. Linataka muda wa kusahihisha, linataka wasahihishaji wanaopatana. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa mwaka 2007 kilikusudiwa kufikia wanafunzi 40,000, na vyuo vingine nchini navyo vimepanuka. Kupanuka huko kumemwingiza chuoni binti wa Mpunguzi, nisingependa kurudi nyuma. Lakini ukumbi wa watu 400 na mhadhiri mmoja unazaa maswali ya kuchagua herufi, hata mhadhiri awe mdadisi namna gani. Akili mnemba imelikaza fundo: kazi ya kuandikia nyumbani, iliyokuwa kimbilio letu, sasa inakuja imenyooka, na mwenyewe ukimuuliza aya ya pili inasemaje anatazama dirishani.

Kuhusu lugha nitasema kidogo tu. Najua vitabu na majarida mengi tunayoyategemea ni ya Kiingereza, na asiyekimudu atafungiwa milango mingi. Lakini zile dakika ishirini zilikuwa za Kiswahili, na siamini ilikuwa bahati.

Mwishowe nilichofanya si kikubwa. Sikuanzisha somo. Nilibadili mtihani: pamoja na swali naambatisha ukurasa mmoja wa takwimu, bei za misimu miwili ya mavuno, gharama za pembejeo, uwezo wa kuhifadhi. Robo ya alama ni za kujua dhana, zilizobaki ni za kuzitumia namba zile, na zabibu, nyanya au alizeti za kwenu zinaruhusiwa. Mwenzangu na mimi sasa tunapishana alama mbili au tatu. Hotuba zimepungua, hazijaisha. Waliokariri dhana vizuri, kwa taarifa ya kambi zote mbili, ndio wanaoongoza, ila si wote.

Juzi nilipita steshenari ya getini kutoa nakala. Ukutani wamebandika orodha ya madesa mapya. La tatu kutoka juu ni la somo langu: "Majibu ya swali la zabibu, pamoja na hesabu," shilingi 500. Nikanunua moja. Hesabu wamekosea, wamejumlisha misimu yote miwili kama mmoja, na nimeshaamua mwaka huu karatasi ile ndiyo itakayokuwa swali lenyewe.