Safari ya mvinyo huharibikia kwenye ramani

Marafiki wanne wakikaa kupanga safari ya gari kupitia miji midogo ya mizabibu, kazi ya kwanza huwa kufungua ramani na kuijaza alama. Mji huu una soko zuri, ule una mgahawa unaosifiwa, na katikati yake kuna maghala manane ya mvinyo, yaani mahali unapotengenezwa na kuonjwa, ambayo kila mmoja amesikia yakitajwa. Hadi jioni wana kilomita 600 za siku tatu. Safari imeshaharibika, na gari bado halijawashwa.

Ninavyoona mimi, safari ya namna hii hupangwa kwa tumbo la waendao na kichwa cha dereva. Kilomita ni jambo la mwisho. Tazama njia rasmi za mvinyo zilivyochorwa. Ile ya Ujerumani, Deutsche Weinstraße, iliyofunguliwa mwaka 1935, ina kilomita 85 tu, kutoka Schweigen mpakani na Ufaransa hadi Bockenheim. Ya Alsace, mashariki mwa Ufaransa, iliyozinduliwa mwaka 1953, ni kama kilomita 170 kati ya Marlenheim na Thann. Ile ya kwanza mtu anaweza kuikata asubuhi moja asione kitu, na akiipa siku tatu bado ataacha vijiji ambavyo hakushuka.

Barabara za mashambani hupinda, hupita katikati ya vijiji, na wakati wa mavuno mbele yako kuna trekta lenye tela la zabibu ambalo halina haraka na wewe. Piga hesabu ya kilomita 45 kwa saa, hata kama simu inakwambia 70. Halafu kila mnaposimama ongeza robo saa ya watu wanne kushuka, kutafuta choo, kusahau miwani na kuirudia. Kilomita 60 hadi 80 kwa siku zinatosha, na maghala mawili: moja asubuhi saa nne, jingine alasiri. La tatu ni tamaa. Ulimi unakuwa umeshakazwa na ukakasi wa mvinyo mwekundu, na chupa zinazonunuliwa saa kumi na moja jioni ndizo zinazomshangaza mnunuzi akifika nyumbani.

Sasa dereva. Hili watu hulimaliza kwa kusema “tutaonja kidogo tu”, kwa hiyo tulitie kwenye mizani. Kionjo kimoja ni mililita 30 hadi 50. Chukua 40, zidisha kwa aina tano: mililita 200. Kwa mvinyo wa asilimia 13, hizo zina mililita 26 za kileo halisi, ambazo ni karibu gramu 20. Mwili wa mtu mzima huchoma takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa, na kahawa, maji baridi au kutembea havibadilishi kasi hiyo. Ghala moja basi ni saa mbili hadi tatu za kusubiri. Mawili, pamoja na glasi ya chakula cha mchana, yanakufikisha usiku.

Sheria nazo hazifanani. Ufaransa, Ujerumani na Italia kikomo cha kawaida ni gramu 0.5 kwa lita ya damu. Uingereza na Wales ni 0.8, lakini ukivuka kuingia Scotland kinashuka hadi 0.5, na imekuwa hivyo tangu 2014. Czech na Hungary ni sifuri. Anayevuka mipaka asibebe hesabu ya nchi aliyotoka.

Suluhisho zuri kuliko yote ni kulala mnapokunywa: ghala la alasiri liwe ndani ya mji wa kulala, mliendee kwa miguu. La asubuhi dereva ateme. Kutema si utovu wa adabu. Ndoo imewekwa kwa kazi hiyo, na wataalamu hutema. Chukua mvinyo nusu ya mdomo, uzungushe, kusanya midomo kama anayepiga mluzi, sukuma kwa ulimi, karibu na ndoo. Wanaochafua shati ni wale wanaotema kwa woga, mdomo ukiwa umeachama. Jueni tu kwamba kutema hakuondoi kila kitu, maana kileo kidogo hupenya mdomoni na kingine humezwa bila kukusudia. Nchi ya sifuri, dereva anuse tu. Na zamu zizunguke kila siku: rafiki mmoja akibebeshwa usukani siku zote tatu, siku ya pili atakuwa amenuna, na ana haki.

Kuhusu maghala yenyewe, mengi ya vijijini ni familia moja. Anayemimina ndiye aliyepogoa, ndiye atakayefunga boksi. Pigeni simu siku mbili kabla, mseme mko wangapi, na mkichelewa nusu saa pigeni tena. Nusu ya kaskazini ya dunia mavuno huwa Agosti hadi Oktoba. Kusini, Februari hadi Aprili. Ndiyo miezi inayopendeza kwa picha na ndiyo mibaya kwa kuonja, kwa sababu mwenyeji amelala kwa muda wa saa nne tu na ana pampu imeziba. Mwezi mmoja kabla ya mavuno, au majira ya kuchipua, mtapewa muda. Msijipake manukato. Onjeni vyeupe vikavu, yaani visivyo na utamu, kwanza, kisha vyekundu, vitamu mwisho. Ukianza na kitamu, kila kinachofuata kitaonja kama maji ya ndimu. Ikiwa kuonja ni bure, kununua chupa moja kwa kila wawili ni heshima ya kawaida.

Chakula kikubwa kiwe cha mchana. Miji midogo haina subira kama mikubwa: jiko la Ufaransa ya vijijini huanza saa sita na likifika saa nane mchana limefungwa, Hispania wanaanza wakati huo wenzao wanaosha sufuria, na Jumatatu milango mingi haifunguliwi kabisa. Kundi linalochelewa kwenye ghala la asubuhi huishia kula biskuti za kituo cha mafuta, huku likiwa na mvinyo tumboni. Ndiyo maana ghala la asubuhi liwe dakika 20 au chini kutoka kwenye mgahawa mlikoweka nafasi ya meza.

Siku ya soko, badala ya mgahawa, nunueni mkate, jibini gumu, nyanya na matunda kabla ya saa tano, kwa sababu wauzaji wazuri hufungasha mapema. Jibini litolewe kwenye baridi saa moja kabla ya kuliwa. Nyama iliyopikwa na vyenye mayonezi visikae nje zaidi ya saa mbili, na joto likizidi nyuzi 32, saa moja tu.

Kizibuo kiwe cha mhudumu, kile cha kukunjwa wanachotumia wahudumu wa mgahawa, chenye hatua mbili za kuegemea kwenye ukingo wa chupa. Kata karatasi inayofunika kizibo chini ya ukingo wa shingo, choma ncha ya skrubu katikati kabisa ya kizibo, zungusha hadi ubaki mzunguko mmoja, egemeza hatua ya kwanza, inua, kisha ya pili. Kizibo hukatika kwa sababu mtu alianza pembeni au alivuta kwa hasira. Kikikatika, rudisha skrubu kwa pembe ndogo. Kikisagika, kisukume ndani na uchuje kwa kitambaa safi.

Pesa isiwe somo refu. Mfuko mmoja wa mafuta, maegesho, maji na mkate, kila mtu anatia sawa. Chupa za kubeba nyumbani ni za mnunuzi. Mvinyo wa mezani unalipwa na waliounywa, si kwa kugawa kwa wanne, na dereva wa siku analishwa na wenzake.

Adui mkubwa wa mvinyo mlionunua ni gari lenyewe. Nje kukiwa na nyuzi 30, gari lililoegeshwa juani linaweza kufika nyuzi 45 hivi ndani ya nusu saa. Mvinyo ukipata joto hutanuka, unasukuma kizibo, unavuja kidogo. Ukipoa hunywea na kuvuta hewa. Dalili ni kizibo kilichopanda juu ya ukingo au alama ya kunata chini ya karatasi. Ladha yake inakuwa ya matunda yaliyochemshwa, na hakuna dawa. Kwa hiyo nunueni mengi siku ya mwisho. Ya siku za mwanzo yakae kwenye sanduku la barafu au sakafuni nyuma ya kiti, yamefunikwa blanketi, na kila usiku maboksi yaingie chumbani hata kama ngazi ni ndefu.

Uzito pia watu huusahau. Chupa iliyojaa ni kilo 1.2 hadi 1.5, hivyo boksi la 12 ni kama kilo 16. Maboksi matano ni mtu wa tano aliyelala kwenye buti. Ongezeni upepo wa matairi kufuata namba za mzigo kamili zilizobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, mpime matairi yakiwa baridi, na maboksi yasukumwe hadi yagusane na mgongo wa kiti. Yakiachiwa nafasi, breki ya kwanza ya ghafla itavunja chupa mbili na buti litanuka mwezi mzima.

Mkifika, msifungue siku hiyo. Chupa changa ziacheni zitulie wiki moja au mbili. Za zamani zenye machicha zisimame wima siku nzima kabla ya kumiminwa, taratibu, taa ikiwa nyuma ya shingo, na mkono usimame pale tu uzi mweusi wa machicha unapofika begani mwa chupa.