Kichanga Mwenye Arosto: Mofini au Kifua cha Mama?

Mtoto aliyezoea afyuni tumboni, iwe heroini ya mtaani au methadoni, dawa ya kutibu uraibu ambayo mama aliandikiwa na daktari, kitovu kinapokatwa na dozi inakatika. Mara nyingi ndani ya siku tatu ataanza kutetemeka, kulia kwa sauti kali nyembamba, kupiga chafya, kuharisha na kushindwa kunyonya. Ni arosto ileile wanayoijua waraibu wakubwa.

Kichanga hawezi kusema panapomuuma. Ndiyo maana tangu miaka ya 1970 wauguzi wametumia kipimo cha Finnegan: kila baada ya saa kadhaa wanakagua orodha ndefu ya dalili na kujumlisha alama, na zikivuka kiwango, mofini, dawa ya jamii ileile ya afyuni, inaanza ili kutuliza arosto. Kipimo hicho kimeokoa wengi. Lakini hata miayo na chafya huhesabiwa alama, na wauguzi wawili wanaweza kumpima mtoto yuleyule wakapata majibu tofauti. Mofini ikishaanza, kuipunguza huchukua siku nyingi, mara nyingi mtoto akiwa mbali na mama.

Daktari wa watoto Matthew Grossman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, badala ya orodha hiyo waliuliza mambo matatu tu: anakula, analala, anabembelezeka? Mtoto alipewa kwanza chumba tulivu, ziwa na kifua cha mama. Wastani wa siku za kulazwa ukashuka kutoka 22.4 hadi 5.9, ingawa walibadilisha mambo mengi kwa pamoja. Mwaka 2023 yakatoka matokeo ya utafiti wa hospitali 26 za Marekani uliolinganisha utaratibu huu na ule wa kawaida: watoto walikuwa tayari kuruhusiwa baada ya siku 8.2 badala ya 14.9, na waliopewa dawa walikuwa takriban asilimia 20 badala ya 52.

Wenye shaka wana hoja nzito. Dawa kupungua si ushahidi kwamba maumivu yamepungua. Utafiti ule haukuona tofauti ya madhara hadi miezi mitatu, lakini ubongo wa mtoto hukua kwa miaka. Hofu hiyo naiheshimu, ila utaratibu mpya haukatazi mofini, asiyetulia anapewa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mikono. Wodi ikifuta alama za Finnegan bila kuongeza kitanda cha mama wala muuguzi wa usiku, kichanga anabaki bila mofini na bila kifua. Mama mwenyewe huenda ana watoto wengine nyumbani, au anaogopa kunyang'anywa huyu. Akisikia wahudumu wakimnong'ona kwa jina la uraibu wake, ataondoka, na maziwa yake yataondoka naye, ilhali mama aliyetulia kwenye methadoni kwa kawaida huhimizwa kunyonyesha.

Kwa hiyo hospitali inayotaka kubadilisha utaratibu, mimi ningeiuliza kwanza: mama analala wapi, na akitoka, nani anambeba mtoto saa tisa usiku?