Wakuu wa shule Walatino Marekani: ustahimilivu kwa gharama ya nani?

Katika kila wanafunzi 100 wa shule za umma za Marekani, takriban 28 ni Walatino: watoto wa familia zenye asili ya Mexico, Puerto Rico, El Salvador na majirani zao. Kwa wakuu wa shule, Walatino hawazidi 9 hivi katika 100. Pengo hilo, lililo katika takwimu za serikali ya Marekani za mwanzoni mwa muongo huu, limezua ubishi usiokwisha.

Wanaodai Walatino waongezwe wana hoja. Mama asiyejua Kiingereza akiitwa shuleni, na mkuu wa shule hajui Kihispania, mara nyingi anayetafsiri ni mtoto yuleyule aliyekosa. Hapo kesi imeshakwisha kabla haijasikilizwa.

Upande wa pili husema kiongozi apimwe kwa kazi yake. Nao wana la kushika. Aprili 2025, maafisa wa Wizara ya Usalama wa Ndani, inayoshughulikia wahamiaji, walifika katika shule mbili za msingi za Los Angeles wakitaka kuonana na wanafunzi, na wakuu wa shule hizo wakawazuia mlangoni. Jambo hilo angeweza kulifanya mkuu wa asili yoyote mwenye msimamo. Hata hukumu ya Mahakama ya Juu ya 1982, kesi ya Plyler dhidi ya Doe, inayompa mtoto asiye na kibali cha kuishi nchini haki ya kusoma, haijali anayeongoza shule ni nani.

Chukua pia mkasa wa Pedro Martinez. Alizaliwa Mexico, akasoma katika shule za umma za Chicago, na mwaka 2021 akakabidhiwa azisimamie zote. Desemba 2024 bodi ikamfuta kazi, baada ya mvutano na meya kuhusu mkopo wa takriban dola milioni 300 ambao Martinez aliukataa. Wapo wanaouona mkasa huo kama kisa cha Mlatino kuonewa. Mimi naona siasa za fedha, na miji mikubwa haijawahi kuwa na subira na wakurugenzi wa rangi yoyote. Mwaka uliofuata alipewa kusimamia elimu jimbo zima la Massachusetts, kwa hiyo huruma nyingine tumwekee mwingine.

Asili humuuma zaidi mtu wa ngazi ya chini, ambaye magazeti hayamwandiki. Naibu mkuu wa shule anayejua Kihispania ndiye anayeitwa kutafsiri barua, kupokea simu za usiku za wazazi wanaoogopa kukamatwa, kutuliza ugomvi wa familia. Hakuna mstari wa mkataba unaoitaja kazi hiyo, na ikifika zamu ya kupanda cheo, anaulizwa alama za mitihani za wanafunzi. Kisha anasifiwa kwa ustahimilivu, sifa ambayo haimgharimu mwajiri hata senti.

Wilaya ya elimu, yaani mamlaka inayoendesha shule za eneo, ikiajiri wakalimani na washauri wa familia kwa mshahara kamili, naibu huyo atapata saa za kukagua masomo, na mkuu Mzungu wa shule ya jirani naye ataweza kuzungumza na mama yule.