Ruzuku ilipe na ukili uliofumuliwa

Shangazi yangu husuka ukili, ule mkanda mrefu wa kushonea mikeka, huku anazungumza, macho hayapo mkononi. Chane za ukindu huziloweka kwenye beseni zilainike, akachomoa moja, akachomeka, akakunja, na ukili ukawa unateremka mapajani mpaka chini. Ukifika pima kadhaa anauviringa anaweka kando.

Mwaka juzi alikuja mbunifu wa mavazi kutoka mjini, kijana mwenye adabu na kipaji. Alitaka ukili mwembamba kuliko tuliouzoea, upana wa vidole viwili, apate kushonea kiuno cha koti. Wa kwanza ulikuwa mgumu, haukupinda. Wa pili ukachuja rangi kitambaani. Shangazi alifumua mara nne. Wa tano ndio uliokaa.

Kijana alikuwa na ruzuku ya sanaa, na bajeti yake niliiona. Ukumbi, wanamitindo, mpiga picha, nauli, na posho ya siku mbili za "mafunzo" kwa akina mama. Ukili uliokubalika ulilipwa kwa pima. Zile kazi nne zilizofumuliwa, wiki nzima na ushei, hazikuwa na mstari wake. Wala hakuwa mchoyo: fomu ya wafadhili haikuwa na pa kuziandika. Na hayo mafunzo, kusema kweli, sijui nani alikuwa anamfunza nani.

Wapo wanaosema ruzuku zinawadekeza wasanii, bora wakopeshwe. Mkopo una kazi yake. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania unakopesha, na ni jambo jema: mwenye oda mkononi akope, anunue vitambaa, auze, arejeshe. Lakini marejesho ya mwezi hayasubiri rangi ikubali. Nani atakopa ili akafumue mara nne? Jaribio ndilo linalohitaji fedha isiyorudishwa, na jaribio lenyewe linafanyika mikononi mwa msukaji. Mchoro wa mbunifu ni ombi tu mpaka mikono hiyo iuitikie.

Jirani zetu wa Nairobi wana cha kutuonyesha. Mpango wa Ethical Fashion Initiative, unaowaunganisha mafundi wa mikono na wabunifu wakubwa, ulio chini ya Kituo cha Biashara cha Kimataifa cha Umoja wa Mataifa na Shirika la Biashara Duniani, ulianza kazi Kenya mwaka 2009, na mikoba ya mbunifu wa Uingereza, Vivienne Westwood, ikashonwa na mafundi wa pale. Kauli yao ni kwamba hii si sadaka, ni kazi. Naikubali kwa moyo wote, ila naiongezea: kufumua nako ni kazi.

Kuna na la jina. Kwenye lebo ya koti lile lipo jina la mbunifu peke yake, ilhali upana ule wa vidole viwili, kijijini petu hakuna aliyewahi kuusuka kabla ya shangazi. Mfadhili anayedai picha za akina mama kwa ajili ya ripoti yake ashindwe vipi kudai majina yao kwenye lebo?

Kijana anaomba ruzuku tena mwaka huu. Juzi tulikaa naye barazani, akaandika mstari mpya: majaribio ya ukili, wasukaji 3, siku 10. Shangazi aliusikiliza ukisomwa, mkono haujasimama.

"Na kufumua kumo humo?"

"Kumo, shangazi," nikamjibu.

"Basi na jina langu aliandike sawasawa."

Akamtajia herufi moja moja.