Steringi wangu lazima aumie

Kwetu Mwanjelwa, Mbeya, kabla soko la zamani halijateketea, ubishi wote ndani ya kibanda umiza, kile cha kuonyeshea filamu za video, ulimalizwa na maneno mawili: steringi hafi, yaani shujaa wa filamu hafi. Ukiuliza inakuwaje watu hamsini wammiminie mtu mmoja risasi na zote zipite pembeni, jibu ni hilo. Ukiendelea kuuliza, unaambiwa utoke nje ukaote jua. Mimi nilikuwa mbishi lakini nilinyamaza, maana kiingilio nilishalipa, na nje kulikuwa na ile baridi ya Juni inayoshuka kutoka Loleza mpaka kwenye mifupa. Ndani tulikuwa tumebanana kama viazi kwenye lumbesa, tunapashana joto.

Leo hakuna wa kunitoa nje, kwa hiyo nasema. Steringi asiyeumia hanihusu. Filamu zote za mapigano ninazorudia, na magemu yote yaliyonikosesha usingizi, yana jambo moja: anayepigana analipia. Akipigwa, anaonekana amepigwa. Akishinda, ameshinda huku anachechemea.

Nianze na Jackie Chan maana ndiye aliyeniharibu. Mwishoni mwa Police Story ya mwaka 1985 wanapigana ndani ya duka kubwa la ghorofa, vioo vinavunjika mpaka unamhurumia mwenye duka. Halafu Jackie anaruka kutoka juu, anadaka nguzo iliyozungushiwa taa, anateleza nayo mpaka chini huku taa zinalipuka njia nzima. Wameionyesha mara tatu mfululizo, kila mara kamera iko upande mwingine. Sisi tulidhani mkanda umekwama. Mwenye kibanda, ambaye sote tulimwita Anko, aliinuka akaipiga kofi deki ya video. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba viganja vya yule bwana viliungua kwelikweli.

Kilichonimaliza zaidi ni mwisho wenyewe, majina yanapopita. Filamu za watu wengine, majina yakianza tu watu wanasimama wanakung'uta suruali. Ya Jackie hakuna anayesimama. Wanaweka zile sehemu zilizoharibika: hapa amekosea kuruka, hapa anashika shingo, hapa wenzake wanamwinua. Kwenye Armour of God ya 1986, iliyopigwa Yugoslavia, alidondoka kutoka mtini fuvu likapasuka. Kwa hiyo unapomwona anapunga mkono baada ya kumpiga mtu ngumi ya kichwa, kama mtu aliyegusa sufuria la moto, unaamini. Mkono unamuuma. Kichwa cha mtu ni kigumu, jamani.

Mimi nilijaribu na mparachichi wa jirani. Kutoka ukutani mpaka tawini haikuwa mbali. Tawi lilikuwa na maoni mengine. Nilifungwa hogo la mkono wiki sita, na mama aliniuliza swali moja tu: "Huyo Jeki wako ndiye atakayekuchotea maji?" Sikuwa na jibu.

Drunken Master ya mwaka 1978 niliiona Iringa, Kihesa, likizo kwa mjomba. Nasema kabisa kwamba hakuna mahali duniani panapofaa kuionea filamu ile kuliko Iringa msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi. Kijana mtukutu anafundishwa na mzee ombaomba namna ya kupigana kama mlevi: unayumba, unakaribia kuanguka, na katika kule kuanguka ndimo ngumi inamotokea. Tukitoka kibandani jioni, wazee ndio wanarudi kutoka kilabuni, na sisi tunawafuata nyuma kwa heshima zote kusoma miguu. Mjomba alinikuta namwigiza mmoja, akaniuliza nani kanipa ulanzi. Kumweleza kwamba ni Kichina ilikuwa kazi.

Filamu yenyewe imejengwa kwa akili. Kijana anajifunza mitindo ya wazee wanane wa hadithi za Kichina, wale wasiokufa, na kila mmoja ana ulevi wake. Wa nane ni mwanamke. Kijana anamdharau, hajifunzi. Kwenye pambano la mwisho mitindo saba inamwishia, adui bado amesimama, na mwalimu anataka kuona wa nane. Inabidi autunge pale pale. Nimefanya mitihani mingi ya namna hiyo. Na yule mzee ombaomba, kwa wasiojua, ni baba mzazi wa mwongozaji wa filamu, Yuen Woo-ping. Hebu fikiria unamwambia baba yako, "Mzee, rudia, hujaanguka vizuri."

Mwaka huohuo wa 1978 ilitoka The 36th Chamber of Shaolin, na hii ndiyo namba moja yangu. Wengi hawaikubali kwa sababu sehemu kubwa ni mazoezi, mapigano yanachelewa. Mimi mazoezi ndiyo ninayoyataka! San Te, aliyechezwa na Gordon Liu, anaingia hekaluni kutafuta ujuzi wa kulipiza kisasi, na somo la kwanza ni namna ya kwenda kula. Kuna maji, juu yake magogo yanaelea, unatakiwa ukanyage uvuke. Ukidondoka, umelowa na chakula unachelewa. Hana mtu wa kumwelekeza, anadondoka tu mpaka miguu inaelewa. Halafu kuna ndoo. Anabeba maji mikono ameinyoosha pembeni, na mikononi amefungiwa visu vinavyotazama mbavu. Mkono ukishuka, kisu kinachoma. Kwa sisi tuliobeba ndoo kutoka bombani mpaka nyumbani, tukipumzika kila baada ya nguzo ya umeme, hatukuhitaji mtafsiri hapo. Kibanda kizima kilikuwa kimya, na kila mtu amekaza mabega.

Nikizungumzia mtafsiri, sijasahau kanda zenye sauti ya Lufufu, yule aliyetusimulia filamu kwa Kiswahili. Kuna watu wa rika langu ambao hawajawahi kusikia steringi akiongea kwa sauti yake mwenyewe, na hawadai kitu.

Sasa hapa mtanitukana. Bruce Lee simweki wa kwanza. Namheshimu, picha yake ilikuwa ukutani kwangu, lakini mara nyingi anamaliza kazi kabla sijaanza kuogopa. Anapiga, mtu analala, anatoa ule mlio wake, basi. Ila nikiwa mkweli, kwangu yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuivunja ile sheria ya kibandani, steringi hafi. Mwisho wa Fist of Fury ya 1972 anatoka mlangoni, bunduki zimemngoja, anaruka kuzifuata, picha inagandia hewani na milio ya risasi inasikika. Steringi amekufa. Siku tuliyoiona kuna baba mmoja alisimama akadai kiingilio chake, akisema filamu haijaisha. Anko alimrudishia nusu. Na mwaka uliofuata, tarehe 20 Julai 1973, Bruce Lee mwenyewe akafariki akiwa na miaka 32, Enter the Dragon haijaanza hata kuonyeshwa. Ndani ya hiyo kuna pale anapochanwa na kucha za chuma, anaonja damu yake, uso unabadilika. Sekunde hizo chache nazipenda kuliko mapigano yake mengine yote yakijumlishwa.

Van Damme nampita haraka. Mguu wake unapanda vizuri, basi. Ip Man, watu wote wanaililia ya kwanza ya 2008, pale Donnie Yen anapowaangusha watu kumi peke yake. Kumi! Na nywele hazijatimka. Mimi naitaka ya pili, ya 2010, anapopanda juu ya meza ya duara kupambana na Sammo Hung, viti vimepinduliwa miguu juu kuizunguka meza, ukiteleza umeumia. Halafu mwishoni bondia Mwingereza anamchakaza uso mpaka basi. Hapo ndipo nilipomwamini.

Ong-Bak ya Thailand, ya 2003, inanikumbusha nyumbani kila ninapoiona. Tony Jaa anakimbizwa sokoni, anapita juu ya vichwa na mabega ya watu, chini ya magari, katikati ya vibanda, na hakuna kamba wala ujanja wa kompyuta. Kisha wanafukuzana kwa bajaji! Wenyewe wanaita jina lingine, lakini miguu mitatu ni mitatu, na ukiwahi kupanda moja inayokimbilia abiria wa Kabwe saa kumi na mbili jioni, ile sehemu utaiona ya kawaida. Baadaye anapigana suruali yake ikiwaka moto. Kwelikweli ikiwaka. The Raid ya Indonesia, ya 2011, usiiangalie na watoto, na mimi sehemu ile ya ndugu wawili dhidi ya mtu mmoja mfupi naiangalia nimesimama. Yule mfupi, katika pambano la kabla ya hapo, ana bastola, anaiweka kando kwa sababu anataka kutumia mikono. Wale ndugu wanamchoma shingoni kwa kipande cha taa ya tyubu, anaendelea. Adui naye anaruhusiwa kulipia.

Kwenye magemu nilianzia gemu ya kanda, ile inayochomekwa kwenye televisheni nyeusi na nyeupe. Kung Fu: kijana anaitwa Thomas, mchumba wake Sylvia ametekwa, kuna ghorofa tano na kila ghorofa ina mbabe wake. Ilichukua likizo nzima ya Desemba kufika juu. Tukamfungua Sylvia, tukapiga kelele mpaka majirani wakaja, halafu gemu ikaanza upya ghorofa ya kwanza, ngumu zaidi, Sylvia ametekwa tena. Hatukuzungumza kwa muda mrefu siku ile. Niligundua ukubwani kwamba gemu hiyo, ya mwaka 1984, Japani ilitoka kwa jina la filamu ya Jackie Chan. Kumbe alikuwa ananifuata tangu mwanzo.

Kisha ikaja Tekken 3 kwenye PlayStation, ikavifunga vibanda vingine vyote vya mtaa. Anko mwenyewe alihama, akauza deki akanunua mashine mbili. Uzuri wa Tekken ni kwamba kila kiungo kina kitufe chake: mraba ni mkono wa kushoto, pembetatu mkono wa kulia, eksi mguu wa kushoto, duara mguu wa kulia. Mwili mzima uko kwenye vidole vinne. Na pale kibandani kulikuwa na sheria ambayo watengenezaji hawakuiweka: mshindi anakaa, aliyefungwa anaachia padi na kulipa tena. Shilingi mia moja. Watoto wa siku hizi wanacheza nyumbani, wakifungwa wanabonyeza kuanza upya, hakijaharibika kitu. Mia moja yangu ilikuwa maandazi ya mapumziko. Nilikuwa nikipigwa Tekken nasikia njaa, na huo ndio mchezo.

Kila mtu alichukua Eddy. Mbrazili wa kapoera, anazunguka kwa mikono miguu juu, na hata mtu aliyeshika padi kwa mara ya kwanza akibonyeza duara na eksi ovyo anakushinda. Tuligombana kwa ajili ya Eddy kuliko kwa ajili ya Simba na Yanga. Mimi nilichukua Lei Wulong. Polisi wa Hong Kong, nywele ndefu, mtindo wa nyoka, wa korongo, wa chui, na anapigana kama mlevi pia. Tazama uso wake uniambie ni nani. Lei anajilaza chini kwa makusudi, anakupa mgongo, na kama hujui unachofanya unapigwa ukiwa umelala hapo hapo. Nimelala njaa nyingi kwa sababu ya Lei. Ila siku aliponikubali, nilikaa kwenye lile benchi kutoka saa nne mpaka Anko alipozima, mia moja ileile.

Ndiyo maana mwaka 2019 nilifurahi kama ndugu yangu ndiye aliyeshinda, Arslan Ash wa Lahore, Pakistani, alipobeba ubingwa wa Tekken 7 kwenye Evo, mashindano ya magemu ya mapigano, ya Japani na ule wa Evo ya Las Vegas mwaka huohuo. Wakorea na Wajapani walikuwa wanatazamana. Sisi wa vibandani hatukushangaa.

Mortal Kombat sikuipenda, na najua nina maadui hapo. Damu nyingi, maumivu kidogo. Mtu anang'olewa uti wa mgongo, pambano linalofuata huyo amesimama anatabasamu.

Gemu iliyonirudisha utotoni ni Sifu, ya mwaka 2022, kazi ya Wafaransa. Unaanza una miaka 20. Ukiuawa unaruhusiwa kuinuka, lakini umezeeka. Kifo kimoja mwaka mmoja, kinachofuata miwili, kinachofuata mitatu. Ndevu zinaota, zinakuwa nyeupe, ngumi inakuwa nzito zaidi lakini wewe mwenyewe hustahimili kipigo kama zamani. Ukipita miaka 70 ukafa tena, mchezo umekwisha. Mara ya kwanza nilifika kwa mbabe wa pili nikiwa mzee kuliko baba yangu. Mpwa wangu wa Uyole alikuwa ananitazama, akaniuliza: "Mjomba, kwa nini usiweke ile ya kutokufa?" Kumbe ipo. Nikamwambia aende akaangalie kama chai imechemka.

Jumamosi mchana huwa nipo Mwanjelwa, kwenye kibanda cha mtoto wa Anko, mashine mpya na benchi lilelile. Ya zamani bado anayo kwa ajili yetu sisi wazee. Sasa hivi ni mia tano. Nachukua Lei. Wewe chukua Eddy, ruksa.