Simu ndiyo ruta yetu, iandikieni msimbo

Shangazi yangu wa Mbagala analipia kila mwezi programu moja ya kutazama video iliyotengenezwa hapa hapa Dar. Kitufe cha "Fungua kwenye TV" kilipomgomea, aliwaandikia huduma kwa wateja. Wakamjibu kwamba tatizo ni intaneti yake, anunue ruta. Jibu hilo limeniudhi sana.

Shangazi ana intaneti. Kanunua bando, kawasha hotspoti, TV imeshika, YouTube inacheza sebuleni bila kukwama. Nyumba ngapi za Tandale na Gongo la Mboto zinaishi hivyo? Kumwambia mtu wa namna hiyo akatafute hela ya ruta kwa sababu sisi madevelopa hatukumaliza kazi ni kumwonea.

Na kazi yenyewe wenzetu walishaturahisishia. Netflix na YouTube walitengeneza DIAL, utaratibu wa simu kuitafuta TV iliyo kwenye mtandao mmoja nayo na kufungua programu ndani yake, na Chromecast ya kwanza ya 2013 iliitumia. Simu inarusha swali la UDP, yaani ujumbe mfupi usiohitaji muunganisho, kwenda 239.255.255.250, mlango 1900; hiyo ni anwani ya multicast, yaani ya kundi zima la vifaa vinavyosikiliza. TV inajibu na anwani ya faili lake la maelezo. Unaliomba faili hilo, na kwenye vichwa vya jibu la HTTP unaikuta Application-URL, anwani ya kufungulia programu. Unabandika jina la programu mwishoni, unatuma ombi la POST, TV ikirudisha 201, namba ya kusema imefanikiwa, ujue programu imefunguka. Kuanzia hapo TV inajivutia video yenyewe kutoka kwenye seva, nawe unaendelea na simu yako. Kuakisi skrini, yaani kuirushia TV picha nzima ya simu, ni habari nyingine kabisa: simu inachemka, chaji inaisha kabla Simba na Yanga hawajarudi kipindi cha pili.

Sasa inakwama wapi? Nilikwenda Mbagala na simu yangu, nikaiunganisha kwenye hotspoti ya shangazi, nikarusha swali lile lile. TV ikajibu papo hapo. Simu yake yeye, ambayo ndiyo inayotoa hotspoti, haikupata kitu. Sababu ni kwamba simu inayotoa hotspoti ina violesura viwili vya mtandao, yaani njia mbili za kuingilia mtandao, kimoja cha data na kingine cha hotspoti. Usipoiambia soketi, yaani kitu ambacho programu inatumia kutuma data, ipite wapi, swali linaweza kutokea upande wa data, likaelekea mnarani, na TV iliyo mbele ya macho yako isisikie chochote. Programu nyingine hata hazifiki huko. Zinauliza kama simu imeshika Wi-Fi, zikiambiwa hapana zinakificha kitufe, ilhali simu yenyewe ndiyo Wi-Fi ya nyumba nzima!

Dawa yake inajulikana. Pitia orodha ya NetworkInterface, ambayo Android inaitumia kukutajia violesura vyote vya simu, rusha swali kupitia kila kiolesura kilicho hai chenye anwani ya IPv4, sikiliza majibu ya kila kimoja. Usitegemee jina, maana simu hii itakiita kiolesura cha hotspoti ap0, ile swlan0, nyingine wlan0. Usikariri 192.168.43.1 pia, ilikuwa kawaida kwenye Android za zamani, simu nyingi mpya hazina mpango nayo. Na kwa simu iliyoshika Wi-Fi ya kawaida, kumbuka kuchukua MulticastLock, ombi la Android la kupokea multicast, la sivyo matangazo ya multicast yanaweza kuchujwa kabla hayajakufikia.

iPhone ina usumbufu wake, hilo silikatai. Tangu iOS 14 ya 2020 mtumiaji lazima aruhusu programu kufikia mtandao wa ndani, na kurusha multicast kunaombewa kibali Apple. Zipo pia TV za Kariakoo zisizojua DIAL kabisa, na TV za Roku na LG zina njia zake zenyewe. Sawa. Lakini TV ya shangazi ilijibu, na simu yake ni Android, kwa hiyo hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomhusu.

Ninachoomba madevelopa wenzangu ni jaribio moja kabla ya kutoa toleo: simu yenye laini na bando, hotspoti imewashwa, TV imeshika, ruta ya ofisini imezimwa. Kitufe kikigoma, toleo lisubiri. Wekeni pia kisanduku cha kuandika anwani ya IP ya TV kwa mkono, kwa siku ambayo utafutaji umeshindikana. Na kabla ya kumwandikia mteja neno lolote kuhusu intaneti yake, ombeni kumbukumbu za programu kwenye simu yake, mwone swali lilitokea upande gani.